Siku 11 bila simu kitandani: ni simu iliyokuwa inanitia uchizi, au kuna kingine?

#1 Kijana wa Uyole (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, nauza viazi jumla hapa Uyole Mbeya, nina mke na watoto wawili. Tangu mwezi wa tano nilikuwa mtu wa ajabu. Naamka kichwa kizito kama nimebeba gunia usiku kucha. Mteja akiuliza bei mara mbili namfokea. Nasahau niliyemkopesha. Mke wangu akasema jirani wa kibanda cha pili kanifanyia mambo, mama mkwe akaunga mkono kwa simu kutoka Kyela.

Nikasema ngoja nijichunguze kwanza. Kitu cha mwisho kushika usiku ni simu, cha kwanza asubuhi ni simu. Saa saba usiku naangalia Warusi wanavyokarabati matrekta, na trekta lenyewe sina. Basi, siku 11 sasa simu inalala sebuleni juu ya kabati la vyombo. Kichwa bado kizito, ila hasira zimepungua.

Dai langu: huku Nyanda za Juu Kusini vijitabia vya kila siku vinatuharibu akili kuliko uchawi. Taja chako. Usiandike "stresi" ukakimbia, sema kijitabia chenyewe.

#2 Mnyalukolo Halisi (saa 2:51 usiku)

Kamwene. Nimeweka kambi hapa, leteni maneno.

#3 Kabwe Stendi (saa 3:05 usiku)

Kubeti. Tumalize uzi.

Niko bodaboda hapa Kabwe. Kuna Jumamosi niliweka mkeka wa timu 14, kumi na tatu zikatiki. Ya mwisho inaongoza, nina abiria nyuma tunashuka Mafiati, simu nimeichomeka kwenye tangi naichungulia. Dakika ya 90 na nne za nyongeza wakasawazisha. Nilimpitiliza yule mama kituo viwili bila kusikia anavyonipiga mgongoni. Hela yenyewe niliyoweka ilikuwa elfu moja, hata chipsi mayai hupati. Kilichoniuma ni wiki nzima nilikuwa nimeshajenga nyumba kichwani, nimeshaezeka, nimeshapiga rangi.

Siku hizi sibeti. Nabeti kidogo.

#4 Mama Parachichi (saa 3:22 usiku)

Mimi niko Njombe. Nasema kupokea picha za ajali.

Niko kwenye makundi saba ya WhatsApp: la ukoo, la kwaya, la kikoba, la wazazi wa darasa la nne, mengine sikumbuki niliingizwaje. Gari likifeli breki mteremko wa Iwambi, picha zinanifikia Njombe kabla trafiki hajafika. Mwaka juzi nilikuwa nakaanga mayai ya watoto wa shule, nikafungua simu kwa kidole chenye mafuta. Mtu kafunikwa kanga, mguu mmoja uko nje. Nilimjua kwa kiatu. Raba ya bluu, kamba nyeupe kushoto, nyeusi kulia, kwa sababu moja ilikatika akaweka aliyoipata. Nilimcheka kwa hizo kamba wiki moja kabla. Binamu yangu. Mama yake mzazi alipigiwa simu saa mbili baadaye.

Mpaka leo asubuhi simu ikilia, nasikia harufu ya mayai. Aliyetuma zile picha aliandika "Mungu tusaidie", akaendelea na kutuma tangazo la mbolea.

#5 Kabwe Stendi (saa 3:30 usiku)

#4 pole sana mama. Nimetoka kwenye kundi moja la hivyo sasa hivi, nikiwa nasoma hapa.

#6 Mzee wa Ulanzi (saa 3:41 usiku)

Vijana mnasumbuliwa kwa sababu mmeacha vya asili. Mimi jioni nakaa kilabuni na wenzangu, lita yangu ya ulanzi wa mianzi, tunacheka, nalala kama mtoto. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilisema sasa watarudi kwenye mianzi, hawakurudi, wakakimbilia kwenye simu.

#7 Mnyalukolo Halisi (saa 3:44 usiku)

#6 Mzee wangu shikamoo, ila ulanzi wa mwezi wa saba unaupata wapi? Mianzi inagemwa masika. Mtogwa ule mtamu umeisha, mkangafu ule mkali umeisha. Sema ukweli unachokunywa.

#8 Mzee wa Ulanzi (saa 3:58 usiku)

Marahaba. Komoni, pombe ya nafaka.

#9 Nesi wa Zamu (saa 4:10 usiku)

Mzee wa #6, kulala unalala, ila pombe inakupa usingizi wa mwanzoni na kukunyang'anya wa alfajiri. Ndiyo maana saa tisa macho makavu na moyo unadunda. Mtu anaona kabisa kwamba bila pombe hawezi kulala, kumbe pombe ndiyo inayomwamsha. Kilichokusaidia huenda ni wale wenzako wa kucheka nao.

Sasa mleta uzi, nina swali lako na naomba ulijibu kwa makini. Kichwa kizito cha asubuhi, kusahau, hasira, vyote vimeanza mwezi wa tano, baridi inaposhika. Mnaingiza jiko la mkaa ndani? Na ukishatoka nje ukakaa saa moja mbili, kichwa kinapungua?

#10 Kijana wa Uyole (saa 4:19 usiku)

Tunaingiza ndio, watoto wanasikia baridi. Ila mkaa ukishakuwa mwekundu kabisa, hautoi moshi. Na ndio, nikifika kibandani saa tatu kichwa kinakuwa chepesi. Nilidhani ni kwa sababu ya kazi.

#11 Nesi wa Zamu (saa 4:27 usiku)

Hapo ndipo watu wanapopotea. Kinachoumiza si moshi. Mkaa mwekundu bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo ubongo unakosa hewa huku wewe unaota joto. Nyingi inaua familia nzima usiku mmoja, mnasikia habari hizo kila mwaka. Kidogo kidogo kila siku inaleta kichwa, uchovu, kusahau na kukasirika ovyo. Na aliyevuta nyingi akapona, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganyikiwa, ndugu wanaenda kwa mganga.

Toa jiko nje LEO. Tutajadili simu kesho.

#12 Dereva wa Tunduma (saa 5:02 usiku)

Mimi kijitabia changu ni kopo. Zile za kuongeza nguvu, za buku. Foleni ya Tunduma ikikaza unaweza kulala siku tatu hujasogea hata mita mia mbili. Unakunywa moja usisinzie usije ukaibiwa dizeli, ya pili kwa sababu umezoea, ya tatu kwa sababu unaogopa. Unaogopa nini hujui. Nilifika mahali nikisikia honi nyuma natetemeka mikono. Daktari mmoja akaniuliza unakunywa nini, nikamwambia soda tu.

Kingine: naongea na utingo tu, na utingo wangu ni bubu kwa tabia.

#13 Nesi wa Zamu (saa 5:10 usiku)

#12 nusu ya kafeini inabaki mwilini kama saa tano hivi baada ya kunywa. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado uko nayo nusu. Na wapenzi wa chai ya rangi ya Tukuyu na Mufindi msicheke, na nyie mnayo, kidogo.

#14 Wingu la Rungwe (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Ugonile. Watu mmesahau kubwa kuliko yote: mawingu. Huku Tukuyu mvua haijui likizo. Wiki mbili hujaona jua, nguo hazikauki, moyo unakuwa kama blanketi bichi. Wazungu wana ugonjwa wao kabisa wa huzuni ya kipindi cha baridi kwa kukosa mwanga. Kwa nini sisi tusiwe nao?

#15 Mwalimu Jiografia (saa 1:15 asubuhi)

#14 umesahau kwamba wao kule kaskazini wakati wa baridi jua linazama saa tisa alasiri. Mbeya tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Siku fupi ya Juni na ndefu ya Desemba zinatofautiana kama saa moja tu. Mwanga upo, hata wa chini ya mawingu. Tatizo letu ni kushinda ndani tumejikunyata tukisingizia baridi. Hata wewe umeandika hayo ukiwa chini ya blanketi.

#16 Wingu la Rungwe (saa 1:18 asubuhi)

Umejuaje mwalimu?

#17 Mnyalukolo Halisi (saa 1:25 asubuhi)

Wa Mbeya mnajua baridi nyie? Njooni Makete mwezi huu, maji ya kunawa mnayavunja kwanza.

#18 Mama Parachichi (saa 1:31 asubuhi)

#17 wewe Mnyalukolo wa Kihesa, Iringa, unaisemea Makete kama nani? Kitulo nimelala mimi na mtoto mgongoni. Tuachie baridi yetu.

#19 Mtumishi wa Bonde (saa 2:04 asubuhi)

Ndugu, mnazunguka mbuyu. Roho ya uchungu haitoki kwa kutoa jiko. Maombi ya usiku, mkesha wa Ijumaa, mtu anafunguliwa. Nimeona kwa macho yangu.

#20 Kabwe Stendi (saa 2:09 asubuhi)

#19 sipingi maombi mtumishi. Ila jirani yangu anakesha Ijumaa, Jumatano na mwisho wa mwezi, spika inaelekea dirishani kwangu. Yeye anafunguliwa, mimi nafungwa.

#21 Nesi wa Zamu (saa 2:20 asubuhi)

Maombi na hospitali vinaweza kwenda pamoja, mbona presha tunameza dawa na tunaomba. Ila mtu aliyeanza kusikia sauti asinyimwe usingizi siku tatu na kufungishwa bila maji, hapo mnamuongezea. Na anayefikia kuwaza kwamba bora asiwepo duniani, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu, hata saa nane usiku.

#22 Bibi wa Ileje (saa 4:40 asubuhi)

Wajukuu, hamjambo. Nyie hamlikumbuki rovu. Sisi zamani huku nyanda za juu mashingo yalijaa, watu wakaona ni pambo. Udongo wetu umeoshwa na mvua, madini joto yameenda na maji. Miaka ya themanini wakawa wanagawa vidonge vya mafuta shuleni. Dada yangu alikuwa mzito, anasikia baridi hata juani, analia bila sababu, anasahau sufuria motoni. Wakamwita mvivu mpaka mume akamrudisha nyumbani. Alipopimwa damu ikaonekana tezi ya shingo haifanyi kazi. Kupewa dawa, miezi mitatu akawa anagombana sokoni kama zamani.

Kijitabia ni kununua chumvi ya mawe ya kupima kwenye kopo kwa sababu ni nafuu, na kuacha chumvi ya paketi wazi jikoni.

#23 Mwalimu Jiografia (saa 4:52 asubuhi)

Shikamoo bibi. Huu ndio mchango wa maana kuliko yote tangu jana, na mimi mwenyewe nimo.

#24 Kabwe Stendi (saa 5:30 asubuhi)

Kama tunaenda kwenye chakula basi semeni na kitimoto. Nimesikia nyama isiyoiva minyoo inapanda kichwani, mtu anapata kifafa na uchizi. Mbozi wanaijua hiyo habari.

#25 Nesi wa Zamu (saa 7:15 mchana)

#24 umeshika mkia, kichwa kiko pengine. Ukila nyama ya nguruwe mbichi yenye zile chembe nyeupe kama mchele, unapata tegu tumboni. Tegu linataga, mayai yanatoka chooni. Anayekula mayai hayo, kwenye mboga isiyooshwa au mkono wa mtu asiyenawa, ndiye anayeota vibofu kwenye ubongo. Kwa hiyo hata mlokole asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata kifafa kutokana na choo cha jirani. Choo na sabuni.

#26 Mzee wa Ulanzi (saa 7:22 mchana)

Nilikuwa nakula. Asante nesi.

#27 Mtoto wa Mwanjelwa (saa 11:10 jioni)

Nimesoma wote, niongeze wangu. Kijitabia kinaitwa "niko sawa".

Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 baba alikuwa na meza ya vitenge na kibanda cha kufunga. Mzigo alikuwa ameushusha siku tatu kabla, nusu ni wa mkopo. Alirudi nyumbani asubuhi, akanawa uso, akaomba uji. Mama akamuuliza, akasema niko sawa. Miaka ikapita akawa anauza soksi mkononi, ukimuuliza niko sawa. Kila jioni anakaa nje kwenye kigoda, anatoa kitu mfukoni anakigeuza. Tulijua ni kisanduku cha ugoro.

Alipougua nikamvua shati nimfulie. Mfukoni kulikuwa na ufunguo wa kufuli la kile kibanda. Umelainika meno yote, huwezi kufungulia chochote tena.

Sasa wataalamu niambieni, ule ulikuwa ugonjwa au ndiyo alivyokuwa? Sisi tulikuwa tunamsifia kwa wageni kwamba mzee ana moyo wa jiwe.

#28 Bibi wa Ileje (saa 11:31 jioni)

Alikuwa anaomboleza, mwanangu. Hamkuweka matanga.

#29 Dereva wa Tunduma (saa 12:02 jioni)

#28 bibi sikubali. Wengine tukiongea ndio tunazidi kuumia. Mimi nikisimulia ajali yangu ya Kitonga silali siku mbili. Kuna mtu kunyamaza ndio dawa yake.

#30 Mnyalukolo Halisi (saa 12:15 jioni)

Naona tukifika kurasa tatu wote tutapelekwa Isanga.

#31 Kabwe Stendi (saa 12:20 jioni)

Isanga mbona nyumbani, nakaa hapo nyuma ya shule. Karibu.

#32 Mwalimu Jiografia (saa 12:26 jioni)

Hahaha! #31, anasema Isanga ya Dodoma, tawi la hospitali ya akili ya Mirembe wanakowekwa wagonjwa wenye kesi mahakamani. Mirembe yenyewe ipo tangu 1927. Isanga yako ni kata tu.

#33 Kabwe Stendi (saa 12:29 jioni)

Kata "tu"? Nimeumia kiafya ya akili.

#34 Mnyalukolo Halisi (Jumatano, saa 9:20 usiku)

Nimeamkia maji nachungulia, namuona mleta uzi yupo hewani, taa ya kijani inawaka. Mkuu, si ulisema simu inalala sebuleni?

#35 Kijana wa Uyole (saa 9:24 usiku)

Na mimi niko sebuleni.

#36 Kijana wa Uyole (saa 9:47 usiku)

Niseme tu, hamnijui. Mwezi wa tano nilichukua laki tatu kwenye programu ya mkopo ya simu, nikalipe kodi ya kibanda. Siku saba zikafika, viazi vilikuwa vimeshuka bei, nikachukua kwenye programu nyingine nikalipe ile. Sasa ziko nne. Matrekta ya Urusi nilikuwa nayatazama nisione ujumbe unavyoingia. Wametuma kwa watu walio kwenye namba zangu kwamba mimi ni tapeli. Mama mkwe amepata. Yeye ndiye aliyesema nimelogwa, nadhani alinihurumia akatafuta namna ya kunifichia mbele ya binti yake. Mke wangu hajui.

#37 Dereva wa Tunduma (saa 9:55 usiku)

Pole kaka. Kausha damu hao. Na mimi macho makavu huku, lori la mbele halijasogea tangu juzi.

#38 Mtoto wa Mwanjelwa (saa 11:40 alfajiri)

Mwambie mkeo kabla ya chai. Nimekuandikia habari ya ufunguo jana kwa nini?

#39 Mwalimu Jiografia (saa 1:05 asubuhi)

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, angalia kama zako zimo. Na kuwatumia watu wako ujumbe wa kukudhalilisha si haki yao, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Piga picha jumbe zote, usifute hata moja.

#40 Kabwe Stendi (saa 1:20 asubuhi)

Sasa hapo uzi umeharibika. Deni siyo kijitabia, deni ni umaskini. Mtu mwenye hela hatetemeki usiku.

#41 Mama Parachichi (saa 1:33 asubuhi)

#40 kukopa ni shida, sawa. Kuficha ndicho kijitabia.

#42 Wingu la Rungwe (saa 1:36 asubuhi)

Wenye hela pia wanatetemeka, wanatetemekea Dar tu.

#43 Nesi wa Zamu (saa 3:10 asubuhi)

Mleta uzi, mimi bado nasubiri jibu la jiko.

#44 Kijana wa Uyole (Alhamisi, saa 1:50 usiku)

Jiko tumelitoa tangu jana. Leo kichwa kimeamka vizuri kiasi, sijui ni jiko au ni kwa sababu nimemwambia mke wangu. Alinyamaza, akahesabu vidole, akasema kikoba kinavunjwa mwezi wa nane. Halafu akanuna kwa sababu ya baridi, siyo kwa sababu ya deni. Imenibidi nikanunue blanketi la mtumba pale Mwanjelwa, zito, elfu kumi na nane.

Ndaga fijo wote.

#45 Mtoto wa Mwanjelwa (saa 1:58 usiku)

Elfu kumi na nane? Meza ya nani hiyo?

#46 Bibi wa Ileje (saa 2:15 usiku)

Umepigwa, mjukuu wangu. Hilo ni elfu kumi na mbili, na anakuongezea soksi.